Mama, sema tena

(Mazungumzo kwa wamama, siku ya kupima mimba)

Wale waliotoka mbali tangu asubuhi, na wale wenye watoto mgongoni, karibuni. Mwenye kuweka fishi yake mezani asiogope, nafasi yake haitapotea. Leo hatutasema juu ya uji wala juu ya chandarua. Tutasema juu ya kinywa cha mgonjwa na masikio ya wale wanaomtunza.

Sikilizeni mfano huu. Mama mmoja ana mimba ya miezi 8. Tangu siku mbili kichwa kinamuuma sana. Anakwenda kwa dispensere. Muganga anamwuliza:
– Mama, habari?
– Muzuri tu.
– Nini inakuleta?
– Kichwa inaniuma.
– Ni malaria hiyo. Kamata vidonge hivi.

Mama alitaka kusema tena, "Na macho inaona kama nyota." Lakini muganga alikwisha kuita mwingine, juu mstari ulikuwa mrefu. Mama akarudi nyumbani. Akamwambia bwana yake. Bwana akajibu, "Si walikupa dawa? Ngoja ifanye kazi." Akamwambia mama mkwe. Mama mkwe akasema, "Mimi nilizaa watoto 7, kichwa kiliniuma kila mimba." Mama akanyamaza. Usiku wa manane mwili ukakakamaa, akaanza kutetemeka, macho yakageuka, ulimi ukatoka damu. Majirani wakasema, "Wamemroga."

Wamama, hakuna aliyemroga. Ni ugonjwa, na unaitwa kifafa cha mimba. Mama huyu alisema kwa watu watatu, na hakuna mmoja aliyemsikia mpaka mwisho.

Ugonjwa huu unatoka wapi? Kwa wamama wengine, kisha mwezi wa 5 wa mimba, tansio ya damu inapanda. Mara nyingi mama hasikii kitu mwanzoni. Ndiyo maana tunafunga kile kitambaa kwa mkono kila munapokuja hapa, na tunaomba mkojo. Kipimo kikionyesha 14 juu ya 9 ao kupita, tunapima tena na hatumwachi mama kwenda hivi hivi. Kama ugonjwa unaongezeka, mwili wenyewe unaanza kusema. Ishara zake ni hizi:

– kichwa kuuma sana, na vidonge haviondoi;
– macho kuona giza, ao nyota, ao vitu viwili viwili;
– maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu;
– uso na mikono kuvimba gafula, hata pete haitoki kidoleni.

Miguu kuvimba magaribi kunapata wamama wengi, na mara nyingi si ugonjwa. Lakini uso kuvimba asubuhi, hilo ni neno la kuleta hapa siku ile ile. Tena musisahau: ugonjwa huu unaweza kuja hata kisha kuzaa, zaidi siku za kwanza, na hata mpaka juma la 6. Mama aliyezaa juzi, kichwa kikimuuma sana, asiseme, "Mimba imekwisha, hatari imekwisha."

Dawa iko. Iko shindano la magnesium. Wachunguzi walilijaribu kwa wamama kupita 10,000 katika inchi 33, na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba linapunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Tena iko dawa ya kushusha tansio, na mara nyingine inafaa mtoto azaliwe mbele ya siku zake. Lakini muganga hatoi shindano hilo kama hajui ugonjwa, na hatajua kama neno la mama limepotea njiani.

Pengine munafikiri, "Hawatusikii juu sisi ni maskini, hatukusoma." Ni kweli, maskini anakatwa neno upesi zaidi. Lakini neno hili linafika hata kwa wakubwa. Katika inchi ya Marekani kuna mwanamke mweusi, Serena Williams, mchezaji wa tenisi aliyejulikana dunia nzima. Mwaka 2017 alizaa mtoto wake kwa kupasuliwa. Siku iliyofuata pumzi ikaanza kumkosa. Yeye alijua mwili wake, juu mbele ya hapo alikwisha kupata damu ya kuganda mapafuni. Akamwambia muuguzi, "Nataka picha ya ndani ya kifua na dawa ya kuyeyusha damu." Muuguzi akafikiri dawa za maumivu zimemchanganya akili. Wakapima miguu kwanza, hawakuona kitu. Yeye akakaza neno lake. Mwisho wakapiga picha ya kifua, wakakuta damu imeganda mapafuni. Yuko hai leo. Hawakumsikia mara ya kwanza, naye hakuchoka kusema.

Sasa, sisi wa hapa tufanye namna gani?

Kwanza, salamu ni salamu, ugonjwa ni ugonjwa. Sisi tumezoea: mtu akiuliza habari, tunajibu "muzuri", hata kama tunakufa. Ni adabu nzuri ya njiani. Lakini mbele ya muganga, anaweza kuandika "hakuna shida" juu ya neno hilo. Jibu hivi: "Jambo, muganga. Siko muzuri."

Pili, anza na neno lenye uzito. Usianze na mafua ya mtoto na bei ya safari, na kuacha macho yenye giza kwa mwisho. Muganga mmoja anaona watu wengi, na anashika zaidi neno la kwanza.

Tatu, sema lilianza lini na limegeuka namna gani. "Kichwa inaniuma" ni neno fupi, linafanana na malaria. Sema, "Kichwa inaniuma tangu juzi, nilikunywa vidonge, haikupoa, na macho inaona nyota." Ao, "Mtoto alikuwa anacheza tumboni, tangu jana hachezi." Hilo muganga hawezi kulipita.

Ine, omba kipimo kwa heshima. "Muganga, naomba unipime tansio na mkojo." Kuomba si kumtukana. Malaria nayo ina kipimo chake, tone la damu kwa kidole. Na mama anaweza kuwa na malaria na tansio pamoja, moja haifukuzi ingine.

Tano, usije peke yako kama unajisikia vibaya. Leta bwana yako, ao dada, ao jirani. Mtu mwenye maumivu anachoka upesi. Mwenzake atasema kwa ajili yake.

Sita, wakikuambia "haiko kitu" na wewe unasikia iko kitu, sema tena. Ukikosa, mutafute mukubwa wa dispensere. Ukirudi nyumbani na ishara haziondoki, usingoje siku ya rendez-vous. Rudi hata usiku.

Na nyinyi wamama wakubwa, wenye wakwe, nawasihi. Mimba yako haikuwa mimba yake. Wewe ulipona, lakini binti huyu anaweza kuwa na ugonjwa ambao wewe hukuwa nao. Akikuambia "mama, siko muzuri", usimhesabie watoto wako. Mwulize: inauma wapi, tangu lini, macho inaona namna gani? Kisha mwite mwana wako atafute njia ya kumfikisha hospitali.

Na sisi waganga tuko na deni letu. Tumepatana kumwuliza kila mama mbele ya kumwita mwingine, "Iko neno ingine?" Kama siku moja tumesahau, mama, utukumbushe. Hatutakasirika.

Maulizo ya kujibu pamoja:
1. Ishara ine za tansio ya mimba ni gani?
2. Kwa nini si vizuri kujibu "muzuri tu" kwa muganga?
3. Nyumbani kwako, nani atasema kwa ajili yako kama wewe huwezi kusema?

Neno la tatu, musilijibu hapa tu. Mulijibu leo magaribi pamoja na bwana zenu, na mtu huyo ajue kama ni yeye. Sasa tuanze kupima. Mama wa kwanza, karibu.