Prosesa Inayotoka kwa Bisibisi

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au kwenye maduka ya Luthuli, Nairobi, zilianza kazi katika ofisi za ng'ambo. Miongoni mwa zinazosifiwa na mafundi ni ThinkPad T430 ya mwaka 2012. Ni nzito, na haina umbo la kuringia. Lakini ina kitu ambacho laptopu za leo hazina: prosesa yake inatoka. Haikulehemiwa kwenye ubao mama, bali imekaa kwenye soketi inayofunguliwa kwa kugeuza skrubu moja nusu mzunguko.

Mwenye mashine hiyo, basi, anaweza kuiongezea nguvu bila kununua nyingine. Nyingi zilitoka kiwandani na Intel Core i5-3320M, yenye viini viwili. Ikitolewa hiyo, i7-3632QM yenye viini vinne inaingia palepale. Uzuri ni kwamba zote mbili zimekadiriwa wati 35, kwa hiyo feni iliyoipoza ya zamani inaimudu na hii. Zipo za wati 45 zenye kasi zaidi, na mafundi wengine huzifunga. Ila joto lake ni jingine, na Dar es Salaam ya mwezi Februari haimsaidii mtu aliyeiongezea mashine yake joto.

Hata hivyo, si kila mtu atafaidika. Kiini kimoja cha ile i5 kikikazana hufika gigahetsi 3.3, cha i7 hii huishia 3.2. Anayeandika barua au kusoma habari mtandaoni hataona tofauti yoyote. Anayehariri video ataiona mara moja, kwa kuwa kazi hiyo hugawanywa kwa viini vyote kwa pamoja. Kwa wengi, kinachoifanya kompyuta ijikokote ni diski ya zamani ya kuzunguka na RAM ya gigabaiti 4. Hapo ndipo pa kuanzia: SSD na RAM. Fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo kabla ya kugusa prosesa.

Hasara kubwa hujificha kwenye herufi. Katika kizazi cha prosesa hizi, namba inayoishia na U ni ya prosesa iliyolehemiwa, na hiyo haibadilishwi kwa bisibisi. Hata i7-3632QM ilitengenezwa kwa namna mbili, moja ya pini na nyingine ya kulehemu, na namba ni ileile. Anayeagiza mtandaoni aombe picha ya upande wa chini, azione pini kwa macho yake. Tena, soketi kufanana hakutoshi. ThinkPad T420 ya mwaka 2011 ina soketi hiyohiyo, lakini BIOS yake ya kiwandani, yaani programu inayoiwasha mashine, haiitambui prosesa ya T430. Itakaa vizuri kabisa, na mashine isifanye kazi. Waliofanikiwa walilazimika kubadilisha BIOS yenyewe na kuweka programu huria ya coreboot, kazi isiyomfaa anayejifunza.

Kufunga kwenyewe kunataka utulivu kuliko nguvu. Chaja na betri hutolewa kwanza, kisha kibodi, kifuniko na feni. Prosesa hukaa kwa upande mmoja tu, ule unaoonyeshwa na alama ya pembetatu kwenye kona. Ikikataa isisukumwe, maana pini ikivunjika fedha imepotea. Pesti ya joto ya zamani hufutwa kwa spiriti, na mpya hupakwa kidogo tu.

Nafasi hiyo ya kubadilisha prosesa haikudumu. T440p ya mwaka 2013 ilikuwa miongoni mwa za mwisho katika mfululizo wa T kuwa na soketi. Baada ya kizazi cha 4 cha Core, Intel iliacha kutengeneza prosesa za laptopu zenye pini. Wembamba ulishinda, na gharama yake ikamwangukia mnunuzi wa pili na wa tatu, ambaye hakuulizwa. Haikuwa lazima iwe hivyo. Kampuni ya Framework ya Marekani, iliyoanza kuuza laptopu mwaka 2021, ilileta mwaka uliofuata ubao mama mpya wenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 12 unaoingia kwenye kasha la laptopu yake ya kizazi cha 11. Prosesa imelehemiwa, ndiyo, lakini skrini, kibodi na kasha vinabaki. Kampuni kubwa zinaweza kufanya hivyo zikitaka, na zinapaswa kutaka.

Lipo na suala la Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, hudai prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea. Hakuna ya soketi hii inayofika huko. Anayeipa T430 viini vinne aandae na Linux, ambayo mashine hii huiendesha vizuri.

Msikilizaji unayekwenda kununua laptopu ya mtumba, usitosheke na stika ya i5 au i7. Mwambie muuzaji aiwashe, afungue taarifa za mfumo, nawe usome namba ya prosesa hadi herufi ya mwisho kabla ya kulipa.