Watu Sita Wanatosha Kuitisha Mkutano

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye semina yetu ya vijana. Wengi mliniomba niyaandike, nami nimeyaweka karibu kama nilivyoyasema, pamoja na swali moja lililoulizwa mwishoni.



Nimepewa dakika ishirini nizungumzie serikali za mitaa. Najua mlichokuwa mnakitegemea: mwanafunzi wa sheria atasoma vifungu, nyie mtasinzia. Leo nataka niwapeleke kijijini. Ila siyo kijijini kwetu. Nawapeleka vijiji vya Uingereza. Msinicheke. Sijawahi kufika huko, hata pasi ya kusafiria sina. Nilianza kusoma sheria zao za vijiji kwa sababu ya swali aliloniuliza mama yangu nikiwa likizo.

Kijijini kwetu watu walichangishwa hela ya kujenga darasa. Mama alitoa. Baadaye kwenye mkutano akasimama akauliza hela imefika ngapi na imenunua nini. Akajibiwa, "Tangu mwanao aende chuo umekuwa mjuaji." Watu wakacheka, mkutano ukaendelea na jambo lingine. Darasa mpaka leo limeishia kwenye lenta. Jioni ile mama akaniuliza, "Hivi mwanangu, huko mnakosoma sheria, mtu akichanga anaruhusiwa kuuliza?"

Nikamjibu haraka, "Ndiyo mama, ni haki yako." Akanitazama. "Haki yangu iko wapi? Nionyeshe." Nikakosa la kumwonyesha usiku ule. Makamanda, hapo ndipo safari yangu ilipoanzia.

Sasa twende Uingereza. Ngazi yao ya chini kabisa ya serikali inaitwa parokia. Ni jina la zamani, tangu mipaka ya kijiji ilipokuwa mipaka ya kanisa. Zamani mambo ya kijiji yaliamuliwa na kikao cha kanisa, na kwenye kikao hicho sauti kubwa ilikuwa ya mchungaji na wenye mashamba makubwa. Mwaka 1894 Bunge lao likapitisha sheria iliyoondoa mambo ya kiraia kwenye mikono ya kanisa na kuyakabidhi kwa halmashauri ya parokia inayochaguliwa. Na dada zangu sikilizeni hapa: sheria hiyo iliruhusu wanawake, hata walioolewa, kupiga kura na kugombea kwenye halmashauri hizo. Kura ya Bunge walikuja kuipata mwaka 1918, tena siyo wote. Yaani mwanamke wa Uingereza aliingia kwenye kikao cha kijiji miaka 24 kabla ya kupata kura ya kumchagua mbunge.

Halmashauri ya parokia inafanya nini? Vitu vidogo. Kibanda cha kusubiria basi. Bembea za watoto. Makaburi. Ukumbi wa kijiji. Vishamba vya bustani ambavyo wanakijiji wanakodishiwa walime mboga. Mashimo ya barabarani siyo kazi yake, hayo kwa kawaida ni ya kaunti. Taka kwa kawaida ni za wilaya. Mtu akitaka kujenga nyumba hamsini pembeni ya kijiji, parokia inatoa maoni tu, mwenye kuamua yuko ngazi ya juu. Wajumbe wengi hawalipwi hata senti. Wanaingia pale jioni baada ya kazi, wanabishana kuhusu benchi.

Na wanabishana kweli! Huenda mliiona ile video ya Handforth, kule Cheshire, iliyosambaa dunia nzima Februari 2021. Kikao kilifanyika Desemba 2020 kwa njia ya mtandao, wakati wa korona. Mama mmoja, Jackie Weaver, aliletwa kusaidia kazi ya ukarani. Mwenyekiti akamwambia hana mamlaka yoyote pale. Mama akabonyeza kitufe, mwenyekiti akatolewa nje ya kikao. Dunia ikacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikajiuliza: hivi hawa watu wanagombania nini? Wanagombania kanuni za kikao. Nani ana haki ya kuitisha, nani ana haki ya kumtoa mwenzake. Uchunguzi uliokuja baadaye ulisema kwamba mama yule kweli hakuwa na mamlaka rasmi ya kuwatoa, ingawa mazingira yalikuwa magumu. Maana yake ni kwamba hata yule tuliyemshangilia, sheria ilimuuliza: ulitumia kifungu gani?

Hapo ndipo nilipoanza kuona jibu la mama. Nilipozisoma sheria zao nilikuta namba ndogo ndogo. Naomba mziandike.

Tatu. Tangazo la kikao cha halmashauri ya parokia libandikwe mahali panapoonekana angalau siku tatu kamili kabla. Siku ya kubandika haihesabiwi, siku ya kikao haihesabiwi.

Sita. Wapiga kura sita wa kijiji, wasio na cheo chochote, wanaweza kuitisha mkutano wa wanakijiji wote. Hawamwombi mwenyekiti. Wanatoa tangazo, wanataja mahali, siku na ajenda, basi. Niwe mkweli: maazimio ya mkutano huo kwa kawaida hayaifungi halmashauri. Lakini kiongozi gani anapenda wanakijiji wakutane wamjadili yeye mwenyewe akiwa hajaitisha?

Kumi. Kiti cha mjumbe kikiwa wazi, wapiga kura kumi wakiandika barua ndani ya siku 14 za kazi, lazima uchaguzi ufanyike. Wasipopatikana kumi, halmashauri inamchukua inayemtaka.

Thelathini. Kila mwaka, kwa siku 30 za kazi, vitabu vya hesabu vinakuwa wazi. Mtu anakwenda, anafungua, anaona risiti, anatoa nakala. Na mpiga kura wa pale anaweza kumwandikia mkaguzi wa nje kupinga hesabu.

Kuna jingine. Haki ya mwananchi na mwandishi wa habari kuingia kwenye vikao vya halmashauri ilitiwa nguvu na sheria ya mwaka 1960. Muswada wake uliletwa na mbunge mpya wa kiti cha nyuma, na aliutetea kwenye hotuba yake ya kwanza kabisa bungeni. Jina lake Margaret Thatcher. Sera zake nyingine tuziache, hatukuja kwa ajili hiyo. Ninachosema ni kwamba mtu ambaye hakuwa hata waziri alifungua mlango, na mpaka leo haujafungwa. Tangu mwaka 2014 mwananchi anaruhusiwa hata kurekodi kikao kwa simu yake.

Mnaona tofauti na jibu nililompa mama? Mimi nilimwambia "ni haki yako." Mwenzake wa Uingereza haambiwi hivyo tu. Anaambiwa siku ngapi, watu wangapi, barua ya nani. Haki yake ina namba. Akitukanwa kwamba ni mjuaji, anatafuta jirani watano, wanakuwa sita.

Sasa msiniondokee hapa mkidhani nawasifia Wazungu. Huko huko, viti vingi vya parokia vinajazwa bila uchaguzi, kwa sababu waliojitokeza ni wachache kuliko nafasi. Wanapita bila kupingwa, na siyo kwa sababu mtu kawaengua wapinzani. Hakuna aliyetaka. Mkutano wa mwaka wa wanakijiji wote, ambao sheria inalazimisha ufanyike kati ya Machi mosi na Juni mosi, sehemu nyingi wanakuja watu wachache tu. Vitabu vinawekwa wazi siku 30 na huenda asije mtu. Haki wanazo, ila nyingi zimewekwa kabatini kama vyombo vya wageni.

Na hili ndilo lililoniuma, kwa sababu linatuhusu sisi. Tukiweka sheria zetu na zao mezani, kijiji chetu kina meno kuliko chao. Nimesema parokia ikiletewa maombi ya ujenzi inatoa maoni tu. Kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi, na inaizuia kugawa ardhi hiyo bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu! Yaani mama yangu, na jirani yake, na kijana wa bodaboda pale kijiweni. Mwanakijiji wa Uingereza angesikia kwamba mtu hapewi ekari za kijiji mpaka yeye anyooshe mkono, asingelala nyumbani siku ya mkutano.

Sisi tunalala. Tuseme ukweli humu ndani, tuko wenyewe. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae walau kila miezi mitatu. Ni mara nne kwa mwaka. Nani humu anayetoka kijijini anaweza kuniambia mkutano wa mwisho ulikuwa tarehe ngapi? (Mikono ilinyooshwa miwili. Ukumbi ulikuwa umejaa.)

Mnaona? Tunajua ratiba ya Bunge. Tunajua nani kahama chama jana usiku. Tunashinda mtandaoni kwenye mijadala ya katiba mpya, na mimi nimo. Lakini mtendaji wa kijiji chako ukikutana naye sokoni, unamjua? Karani wa parokia anaajiriwa na halmashauri ya parokia yenyewe, wanakijiji wanajua wanamlipa wao. Mtendaji wetu anaajiriwa na halmashauri ya wilaya. Anaangalia juu kwa aliyemwajiri. Asipopata watu wa kumuuliza kutoka chini, kwa nini ageuke?

Baada ya mazungumzo, kamanda mmoja aliuliza swali zito. Alisema, "Dada, mwaka 2019 vyama vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea kuenguliwa kwa wingi. Mwaka 2024 tumelalamika tena kuenguliwa, na chama tawala kimetangazwa kushinda karibu viti vyote. Unatuambia twende kwenye mikutano ya watu ambao hatukuwachagua?"

Ukumbi ulimpigia makofi, na alistahili. Nilimjibu hivi, na nayarudia kwa maandishi kwa sababu ndiyo kiini cha yote niliyosema.

Kaka, uchungu wako ni wangu. Mgombea anaweza kuenguliwa. Mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji haenguliwi. Soma sheria: mkutano mkuu ni wa kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18. Haujazwi kwa fomu. Hakuna tarehe ya pingamizi. Hakuna msimamizi wa kukwambia umekosea kuandika jina la chama. Ukiishi pale na umefika miaka 18, wewe ni mjumbe, uwe na kadi ya chama gani au usiwe nayo. Hicho ni kiti kimoja ambacho hatujawahi kunyang'anywa. Tumekiacha wazi wenyewe.

Kupigania tume huru na chaguzi za haki tunaendelea, hilo halijadiliwi. Ila tusikae miaka mitano tukisubiri kura irudi wakati mkutano unapita kila miezi mitatu.

Kwa hiyo naomba kila mmoja wenu aondoke na kazi. Tafuta wenzako watano, muwe sita. Siyo lazima wawe wa chama chetu, hela ya darasa haina rangi ya bendera. Nendeni mkaulize kwa adabu tarehe ya mkutano mkuu ujao. Msipopewa, andikeni barua, wekeni tarehe, bakini na nakala iliyogongwa mhuri. Kwenye mkutano ombeni mambo mawili: muhtasari wa mkutano uliopita usomwe, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Mkizungushwa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, nayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu. Msitukane mtu. Msiende na sare. Ulizeni, andikeni jibu, rudini tena baada ya miezi mitatu.

Mama nilimpigia simu juzi. Nikamsomea namba zote, tatu, sita, kumi, thelathini. Nikamweleza kwamba hizo ni za Uingereza, halafu nikamsomea za kwetu: miaka kumi na minane, miezi mitatu, siku thelathini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi nitafutie hao watano." Nikamwambia, "Mama, mmoja ni mimi. Mkutano ukitangazwa nakuja." Akacheka, akasema wanne waliobaki anawajua.