Mwenye Kovu Usidhani Kapoa



Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Walikuwa wakisema habari za moyo, lakini hata ngozi inawaunga mkono. Mtu akishatolewa nyuzi, au kidonda cha moto kikishafunga, nyumbani tunasema amepona. Kumbe ndani kwa ndani ngozi inaendelea kujijenga, pengine mwaka mzima na zaidi. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi mara nyingi hupitiliza: kovu linainuka, linawasha usiku, linavuta. Likiwa kwenye kiwiko cha mtoto aliyemwagikiwa uji, mkono unaanza kugoma kunyooka.

Ndiyo maana leo nazungumzia plasta ya silikoni. Madaktari wa majeraha ya moto huko Australia walianza kutumia silikoni kwenye makovu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Plasta hii huzuia unyevu wa ngozi usipotee, na kovu lenye unyevu hutulia, likalainika na kushuka polepole. Kulifuta kabisa, haiwezi kulifuta, asikudanganye mtu.

Ukienda kununua, hakikisha boksi limeandikwa silikoni. Chukua inayokatika kwa mkasi na inayooshwa ikavaliwa tena, uikate izidi kovu kidogo pande zote. Usiibandike juu ya kidonda kibichi, penye nyuzi wala penye gaga. Anza na saa chache kwa siku, uongeze hadi saa 12 au zaidi, kwa miezi miwili, mitatu au kupita hapo. Kabla ya kubandika usipake mafuta, haitashika.

Jirani yangu aliyejifungua kwa upasuaji anayo yake. Akiivua huiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na marashi, kisha huilaza kwenye sahani safi, upande unaonata ukiwa juu, ikauke yenyewe. Haifuti kwa kanga. Somo hilo alilipata msimu wa kuchuma pamba: alirudi shambani plasta imejaa nyuzi za pamba, jasho limetuama chini yake, na kesho yake vipele. Akaipumzisha ngozi mpaka vipele vikaisha. Sasa huivaa akishaoga jioni, akaivua asubuhi kabla ya kushika jembe.

Asiye na uwezo wa kuinunua asikate tamaa. Kidonda kikishafunga vizuri, alikande kovu taratibu kwa mafuta ya mgando kila siku, na alikinge na jua kwa nguo. Lakini kovu likitambaa nje ya mipaka ya kidonda, hiyo ni keloidi. Daktari anazo sindano zake. Na kiungo kikianza kukaza, wahi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, usingoje.

Wauguzi wetu, tangu zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ninawaomba jambo moja. Mgonjwa anaporuhusiwa mnamweleza vidonge vyake na siku ya kutoa nyuzi. Mwelezeni na habari ya kovu. Nawe msikilizaji, wasiposema, uliza wewe kabla hujafunga mzigo wako wodini: kidonda hiki kikifunga, kovu lake nilitunzeje?