Bahari Haifungwi, Njia Ndiyo Hufungwa: Vyombo vya Tanga Mwaka Mzima Katika Pwani ya Afrika Mashariki



Nimeombwa katika semina hii nizungumzie uendeshaji wa vyombo vya tanga mwaka mzima katika pwani yetu. Hoja yangu naitoa mapema ili ijadiliwe kwa nafasi. Kuanzia Lamu hadi Mtwara, hakuna mwezi ambao bahari yote imefungwa, na tanga linaweza kutwekwa Januari hadi Desemba. Ila njia ndefu za bahari kuu hufungwa kwa zamu. Anayeuza safari ileile Januari na Julai, kwa ratiba ileile, anauza hali ya hewa ya ufukweni. Bahari hajaitazama.

Chanzo cha kosa hili ni joto. Maji ya pwani yetu hukaa kati ya nyuzi 25 na 29 hivi za Selsiasi mwaka mzima. Kule Ulaya ya kaskazini, majira ya baridi yakikaribia, mashua nyingi za starehe hupandishwa nchi kavu na kufunikwa hadi baridi iishe. Mgeni anayetoka huko akisikia kwamba kwetu Julai ndiyo kipupwe, na bado anaweza kuogelea, anahitimisha kuwa mwaka wote ni mmoja. Na sisi, kwa kuwa tunataka biashara, hatumkosoi. Lakini katika bahari hii baridi haijawahi kumzuia nahodha. Kinachomzuia ni upepo na mkondo.

Pepo na mkondo

Wengi humu mnazijua pepo hizi kuliko mimi, kwa hiyo nitapita haraka. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi. Kusi huingia Aprili, hupata nguvu Mei, na Juni hadi Agosti huwa kali. Kuanzia Septemba hulegea, na Oktoba na Novemba matlai huvuma kwa upole kutoka mashariki.

Jambo linalosahaulika ni mkondo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo na maji huelekea upande mmoja, na chombo kinachotoka Dar es Salaam kwenda Tanga husukumwa na vyote viwili. Kurudi ndiko kwenye taabu. Jahazi halikati upepo kama mashua za kisasa za mashindano. Likienda kwa bisho, kila linapogeuka hulazimika kuupa upepo tezi, foromali ipitishwe mbele ya mlingoti, tanga likaangukie upande wa pili. Kila mgeuko hula masafa, na mkondo hula mengine. Nahodha anaweza kutumia siku nzima kubisha, jioni akajikuta anautazama mnara uleule wa msikiti aliouacha asubuhi.

Kaskazi nayo ina tabia yake. Mkondo hupungua nguvu lakini haugeuki, basi upepo unaotoka kaskazini hukutana na maji yanayokwenda kaskazini. Hapo, hasa katika mkondo wa Pemba, huzuka mawimbi mafupi yaliyosimama, yanayoichosha ngalawa kuliko mawimbi marefu ya mbali. Hata hivyo, kwa anayeshuka kusini hiyo ndiyo nafasi yake. Jahazi dogo la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa plastiki zilizorejelezwa na kushushwa majini Septemba 2018, liliondoka Lamu kwenda Zanzibar Januari 2019, kaskazi ikiwa mgongoni. Wangelipanga Julai, tungesikia hadithi nyingine.

Mfano mkubwa kuliko wote ni wa Vasco da Gama. Aliondoka Malindi Aprili 24, 1498, akiwa na rubani aliyeijua bahari, na Mei 20 alikuwa amefika pwani ya Calicut. Wakati wa kurudi hakuungoja upepo. Alivuka bahari ileile kwa takriban miezi mitatu, mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye, na alipofika Malindi Januari 1499 watu hawakutosha kuendesha meli zote. Moja ikachomwa moto. Joto la bahari halikuwa na hatia yoyote katika msiba ule.

Vimbunga

Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo vimbunga vya Bahari ya Hindi hutufikia kwa nadra. Nadra si kamwe. Kimbunga kilichopiga Zanzibar Aprili 1872 kiling’oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini. Kingine kilipiga Lindi Aprili 1952. Kimbunga Hidaya kiliifikia Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Tazameni miezi: Aprili, Aprili, Mei. Ni wakati wa masika, kaskazi imekwisha na kusi haijatulia, mvua inaziba macho na upepo unabadilika bila kuaga. Kama kuna wiki za kulaza chombo, ni hizo. Hoteli nyingi za Mafia na Lamu hufunga kipindi hicho kwa sababu ya mvua na uchache wa wageni. Kwa bahati nzuri, hapo hesabu yao na ya bahari zinalingana.

Kalenda ya hoteli

Kwingineko hesabu hizo hazilingani. Wageni wengi wa Ulaya huja Julai na Agosti kwa sababu watoto wao wako likizo, na hizo ndizo wiki za kusi kali. Tunawapandisha kwenye vyombo vya wazi na kuwavusha mikondo mikubwa, kisha tunashangaa wanapotapika na kudai fedha zao. Oktoba na Novemba, bahari inapotulia na upepo wa matlai unafaa kwenda juu na kushuka chini, vyombo vingi vimetia nanga vikisubiri Krismasi. Naliona hili kuwa kosa kubwa la biashara yetu, tena ni kosa la kupanga tu. Upande wa usalama ni mzito zaidi. Julai 18, 2012, MV Skagit, meli ya abiria yenye injini, ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, bahari ikiwa imechafuka. Kama injini haikutosha, tusilitwishe tanga mzigo huo.

Wazee hawakutegemea kalenda ya hoteli, wala hawakutumia ya Hijria kwa safari, kwa kuwa mwaka wa mwezi hutangulia wa jua kwa siku kumi na moja hivi na hauwezi kufuata upepo. Walihesabu kuanzia Nairuzi, siku yao ya mwaka mpya, siku 365, wakizigawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Makunduchi bado wanaisherehekea siku hiyo kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Mbele ya watalii imekuwa ngoma na vijiti vya migomba. Ilikuwa pia hesabu ya manahodha, na ingefaa vijana wetu wa vyuo vya utalii waijue hivyo.

Basi Julai tusafiri wapi?

Tusafiri ndani. Pwani hii ina maji ya kujificha ambayo nchi nyingi zingeyatamani. Lamu kuna mlango kati ya kisiwa hicho na Manda, na nyuma ya Manda kuna Mkanda, njia ya kuelekea Pate kati ya mikoko, inayopitika maji yakijaa. Kilifi na Mtwapa zina hori ndefu zinazoingia bara. Mafia ina ghuba ya Chole iliyokingwa na visiwa vya Chole na Juani. Kilwa, mashua huvusha watu kati ya Masoko na Kisiwani. Magharibi ya Unguja hupata kinga ambayo Paje na Jambiani hazina, ingawa kwa wacheza tiara za majini upepo huo wa mashariki ya kisiwa ndio mali.

Safari za ndani zina sheria yake, nayo ni maji. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita tatu hadi nne katika sehemu nyingi za pwani yetu. Asiyejua saa ya maji atalala juu ya fungu hadi usiku, na wageni wake pamoja naye. Umande, yaani upepo wa alfajiri utokao bara, hutoa chombo, upepo wa mchana hukirudisha. Wavuvi wa ngalawa hawajawahi kuacha utaratibu huo, na ratiba za watalii zingeufuata, malalamiko yangepungua.

Niongeze la chombo chenyewe, kwa ufupi. Maji ya vuguvugu hayampumzishi mdudu anayetoboa mbao, na jua halilipumzishi tanga. Chombo kinachofanya kazi mwaka mzima kinahitaji kupandishwa kwenye bamvua, kupigwa kalafati upya na kupakwa deheni. Wenye vyombo wengi huahirisha kazi hii kwa sababu msimu wa wageni hauishi. Masika ndiyo nafasi yake.

Ninaloomba semina hii iazimie ni dogo. Kila mwenye chombo cha watalii aandike, mwezi kwa mwezi, njia anayoiuza na njia ya akiba iliyo ndani ya kinga. Aisome taarifa ya bahari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kila asubuhi kabla ya kutoza nauli, na mgeni aelezwe siku anapolipa kwamba neno la mwisho ni la nahodha. Vyama vya wenye vyombo viridhie sharti hilo kabla ya kusi ijayo.