Kazi Yetu na Sifa ya Gunia Letu
Hotuba ya Katibu katika sherehe ya miaka kumi ya Chama



Siku ya furaha kama ya leo ni desturi katibu kusimama na kuhesabu mafanikio. Hayo yamo katika taarifa ya mweka hazina, na kila mtu atajisomea. Sisi twaomba ruhusa tuseme juu ya jambo ambalo taarifa ile haikuligusa, nalo ni namna tufanyavyo kazi yetu ya korosho.

Wengi wenu mwakumbuka habari za mwaka 2018, wanunuzi wa Vietnam walipolalamika kuwa wamekuta mawe ndani ya magunia ya korosho kutoka Tanzania. Aibu ile haikuwapata waliotia mawe peke yao. Gunia lilifika ng'ambo likibeba jina la nchi, nasi sote tukahesabiwa humo.

Lakini tusiende mbali. Katika msimu wetu wa tatu tulipeleka ghalani shehena ya magunia 60. Vuli ilikuwa imekwisha anza. Maana huku kwetu mvua hizo hutukuta korosho zingali shambani. Wanachama walikuwa na haraka ya fedha, makarani walikuwa na haraka ya kufunga mizani, na lori lilikuwa likingoja. Tulipima uzito tu, hatukufungua hata gunia moja. Yalifunguliwa huko ghalani. Unyevu ulipita asilimia 10 inayokubaliwa. Korosho nyingine zilikuwa na nyama ya bibo imegandia, na nyingine zilikuwa changa, zimeangushwa kwa fimbo kabla ya wakati wake. Shehena nzima ikashushwa daraja.

Magunia mabovu hayakufika kumi. Ila korosho zikisha kumwagwa pamoja, hakuna awezaye kusema hii ni ya fulani na ile ni ya fulani. Alikuwapo bibi mmoja, mwanachama wetu tangu siku ya kwanza. Yeye huingoja korosho idondoke yenyewe, huiokota kila asubuhi, huitenga na bibo siku ile ile, kisha huianika juu ya mkeka siku tatu, akiigeuza. Mawingu yakitanda huiingiza ndani, hata iwe usiku wa manane. Bibi huyo alilipwa bei ile ile waliyolipwa walioanika juu ya mchanga. Alikuja ofisini, wala hakugomba. Alituuliza tu: "Wanangu, mwaka ujao nichambue tena, au nichanganye kama wengine?"

Hatukuwa na jibu la kumpa.

Twakiri mbele yenu kwamba lawama ya kwanza ilikuwa yetu sisi wa ofisini. Karani asiyetia mkono wake ndani ya gunia amefanya nusu ya kazi na kupokea mshahara mzima. Wako wasemao kwamba mnunuzi hatosheki, na kwamba hata ukimpelekea korosho safi atatafuta ila. Hatusemi kuwa hayo hayajatokea. Lakini mwenye gunia chafu hana kinywa cha kubishana naye mnadani.

Tangu msimu uliofuata, kila gunia laandikwa namba ya mwanachama na kufunguliwa mbele yake. Karani hukata korosho chache, akatazama kiini, ndipo atie sahihi yake kitabuni. Na likikutwa kosa baadaye, tunajua pa kuanzia. Gunia bichi hurudi nyumbani pamoja na mwenyewe. Mwaka ule wa kwanza tulitukanwa sana, na baadhi yenu mkawauzia watu wa kangomba. Twashukuru kuwa wengi mmerudi.

Ndugu zangu, mashamba yetu yazidi kukatwa viwanja. Mikorosho mingi ya Mbagala imepisha nyumba, na kule Mabibo, mabibo yamebaki katika jina tu. Vijana wetu waiona kazi hii kuwa ni ya mtu aliyekosa kazi mjini. Basi na sisi tuliobaki nayo tukiifanya kwa kulipua, tutawaambia nini?

Bibi yule yupo nasi hapa leo. Msimu uliopita alifika mizanini, akafungua kamba ya gunia lake kabla hatujamwambia, akaketi akingoja karani amalize. Karani mwenyewe alikuwa mjukuu wake, na alizikata korosho za bibi yake kama alivyozikata za watu wote.

Magunia ya juti ya msimu huu yamekwisha fika. Kila mwanachama achukue yake kwa namba yake, na viroba vya plastiki visiletwe, kwa kuwa hufungia unyevu ndani. Mwenye turubai la ziada la kuanikia na amwazime jirani yake, hasa wale wa bondeni ambako jua huchelewa.