Nguvu ya Maji Yatushukiayo Ruiri



Maji ya mlimani hutufikia Ruiri pasipo mashine. Ni neema, lakini ina hatari yake. Katika bomba, kila mita 10 za mteremko huongeza nguvu kadiri ya kilo 1 juu ya kila sentimita mraba. Mita 100 ni kilo 10! Nguvu hiyo hutimia usiku, mifereji yote ifungwapo, na bomba jembamba hupasuka bondeni. Watu humlaumu fundi bure.

Dawa yake ni tangi dogo katikati ya njia, lenye mfuniko upitishao hewa: maji hutua humo, nguvu ikaisha, yakaanza safari upya. Wengine wataka mifereji iongezwe kwanza. Sisi twaomba fedha zijenge matangi, tukianzia juu ya bonde.