Ukuta Wenye Matundu na Nguvu ya Mawimbi

Mada iliyowasilishwa mbele ya wakazi wa kata za pwani kuhusu ulinzi wa ufuko



Usipoziba ufa utajenga ukuta, wamesema wahenga. Huko ufukoni, kusi linapovuma wakati wa bamvua na maji yakala mchanga hadi mizizi ya minazi ikabaki wazi, wazo la kwanza la mwenye nyumba ni ukuta wa mawe usio na ufa hata mmoja. Wazo hilo lafaa kupimwa kabla saruji haijanunuliwa.

Wimbi likigonga ukuta mzima halifi. Hurudi baharini na karibu nishati yake yote. Linalokuja na linalorudi hukutana, na mbele ya ukuta maji huchezacheza kwa kimo cha karibu mara mbili ya wimbi la awali. Msukosuko huo huchimba mchanga wa msingini, na ukuta uliostahimili mapigo ya usoni huweza kuanguka kwa kuchimbwa chini.

Uzio wenye matundu hutenda vingine. Wavuvi wa wando wanalijua jambo hili kwa macho: nyuma ya fito zilizofumwa maji hutulia kuliko mbele yake. Wimbi likifika kwenye uzio hugawanyika mafungu matatu. Fungu moja hurudi, la pili hupenya, na la tatu huishia ndani ya matundu, ambamo maji husuguana na kuzungukazunguka mpaka nishati yake ikapotea.

Ukubwa wa kila fungu hukokotolewa. Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy alionyesha kuwa maji hupita katika mchanga kwa kasi inayolingana na tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili. Mwaka 1983 Allen Chwang aliitumia kanuni hiyo kwa ukuta mwembamba wenye vitundu uliosimama majini. Hesabu za aina hii hutoa jibu lililo wazi. Matundu yakiwa machache mno, uzio huwa sawa na ukuta; yakiwa mengi mno, wimbi hupita kana kwamba hapana kitu. Katikati pana kipimo kinachofaa, na hapo uzio mmoja uliotoka chini ya bahari hadi juu ya maji humeza nusu ya nishati, wala si zaidi. Robo hurudi na robo hupenya. Kwa kuwa nishati hufuata kipeo cha pili cha kimo, wimbi la sentimita 60 hutokea upande wa pili likiwa na sentimita 30.

Panapohitajika zaidi, kama bandarini, ukuta mzima huwekwa nyuma ya ule wenye matundu, kama alivyoeleza Gérard Jarlan mwaka 1961. Nafasi iliyo kati ya kuta hizo hufaa zaidi ikikaribia robo ya umbali wa kutoka kilele cha wimbi hadi kilele kingine.

Hesabu, hata hivyo, hailindi peke yake. Katika pwani ya Demak, kisiwani Java, mikoko ilikatwa kupisha mabwawa ya kufugia, na bahari ikala ardhi. Katika miaka ya 2010 zilisimamishwa nyuzio za mianzi na matawi. Nyuma yake tope lilituama, na mahali pengine mikoko ikaota tena. Lakini wadudu wa baharini waliitoboa mianzi, na ardhi yenyewe iliendelea kuzama kwa kuvutwa maji ya chini yake. Uzio hupunguza wimbi. Hauzuii maji kujaa, wala haudumu bila matengenezo.

Basi mkutano wa kijiji unaojadili ulinzi wa ufuko una maswali manne ya kumwuliza mtaalamu kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Mawimbi ya kusi yana kimo gani, na vilele vyake vimeachana kiasi gani? Kina cha maji ni kipi wakati wa kupwa na wakati wa bamvua? Nishati itakayorudishwa itachimba wapi: msingini, au kwa jirani? Nani atabadilisha fito zikioza?

Na pale mikoko ingali hai, uzio wenye matundu umekwisha kusimama, tena unajikarabati wenyewe. Kuukata ni kubomoa ukuta ambao hakuna aliyeulipia.